Mama Akiugua, Mtoto Aendelee Kunyonya? Tutenganishe Ugonjwa, Dawa na Maziwa

Mama anayenyonyesha akiamka na homa, jambo la kwanza linalomtia wasiwasi mara nyingi si dawa gani atumie. Ni kama mtoto aendelee kunyonya. Na majibu hayakosekani: mmoja atamwambia maziwa yameshaingiwa na ugonjwa, mwingine atamshauri akamue na kumwaga kwa siku tatu, wa tatu atamtuma akanunue maziwa ya kopo mpaka atakapopona. Hata kwa wahudumu wa afya majibu hupishana, daktari akisema hivi na mfamasia akisema vile. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea, mkanganyiko ulizidi: baadhi ya hospitali ziliwatenganisha mama wagonjwa na watoto wao wachanga, huku Shirika la Afya Duniani (WHO) likishauri wabaki pamoja, mama avae barakoa, anawe mikono na anyonyeshe.

Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni kwamba tunauliza swali moja lililobeba matatu ndani yake. La kwanza: je, kijidudu cha ugonjwa huu hupita kwenye maziwa? La pili: kama hakipiti humo, kinaweza kumfikia mtoto kwa pumzi, mikono au ngozi? La tatu: je, dawa anayotumia mama huingia kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto? Kila swali lina jibu lake, na jibu la moja mara nyingi halihusiani kabisa na la jingine. Anayeyachanganya huishia kumwachisha mtoto ziwa kwa sababu ya kikohozi, ilhali kikohozi hakipiti kwenye ziwa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno machache. Nikisema vijidudu namaanisha vyote viletavyo maambukizi: virusi kama vya mafua, bakteria kama wa TB, na vimelea kama vya malaria. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kumtambua adui fulani na kumzuia. Kukamua ni kutoa maziwa kwa mkono au kwa pampu. Na mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee ni yule asiyepewa kitu kingine chochote, hata maji, isipokuwa dawa. WHO hushauri hivyo kwa miezi 6 ya kwanza, kisha mtoto aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 au zaidi.

Maziwa hutoka wapi

Ndani ya titi kuna vifuko vidogo sana vilivyozungukwa na mishipa midogo ya damu. Seli za vifuko hivyo huchota malighafi kutoka kwenye damu na kuigeuza kuwa maziwa. Kwa hiyo kinachoweza kuingia humo ni kile kilichopo kwenye damu, tena si chote, kwa sababu seli hizo huzuia vingi. Kilichopo utumboni, puani au kwenye kibofu cha mkojo hakina njia ya mkato ya kufika kwenye titi.

Ukilishika hilo, imani kadhaa huanguka zenyewe. Mama aliyekula chakula kibovu akaharisha na kutapika ana vijidudu utumboni. Maziwa yake ni salama, na hatari iko kwenye mikono yake asiponawa vizuri atokapo chooni. Mama mwenye homa kali hana maziwa yaliyochemka. Maziwa yaliyo kifuani yana joto la mwili siku zote, nyuzi 37 hivi, na mwili ukipanda hadi 39 hayagandi wala hayachachi. Hayachachi pia kwa sababu mama alishinda mbali na mtoto kutwa nzima. Maziwa huchacha yakishakamuliwa na kuachwa kwenye chombo bila kuhifadhiwa.

Kuna upande mwingine unaosahauliwa. Vijidudu vingi vya mafua na kikohozi huanza kuambukiza kabla mwenye navyo hajajisikia vibaya. Siku mama anapolala na homa, mtoto ambaye humlalia kifuani usiku na mchana huwa amekwisha kukutana na kirusi hicho. Wakati huohuo mwili wa mama umeanza kutengeneza kingamwili za kupambana nacho, na aina moja iitwayo IgA humwagwa kwa wingi kwenye maziwa. IgA haimeng'enywi kirahisi tumboni mwa mtoto. Hutanda juu ya utando wa koo na utumbo wake, yaani palepale vijidudu vinapotafuta pa kupenyea. Zaidi ya hapo, chembe nyeupe za damu zilizokutana na adui utumboni au kwenye njia ya hewa ya mama husafiri hadi kwenye titi na kuanza kutengeneza kingamwili hukohuko. Ukimwachisha mtoto siku hiyo, unamwacha na kirusi huku ukimnyang'anya kinga yake.

Haimaanishi kwamba mtoto hataugua. Anaweza kuugua, lakini anaingia vitani na silaha. Na hapa niseme kitu: usemi kwamba maziwa ya mama ni chanjo ya kwanza unapendeza masikioni lakini unapotosha kidogo. Kingamwili za kwenye maziwa hukaa kwa mtoto kwa muda tu, zinahitaji kuletwa kila siku, na hazichukui nafasi ya chanjo za kliniki.

Magonjwa ya kawaida

Kwa mafua, kikohozi, kuumwa koo, UTI, kuharisha, taifodi, hata kipindupindu, jibu ni moja: endelea kunyonyesha. Malaria pia. Vimelea vya malaria huhitaji mbu ili vihame kutoka mtu hadi mtu, na kunyonya hakuvihamishi. Ila mama asijidanganye kwamba dawa ya malaria anayomeza inamkinga mtoto pia kupitia maziwa. Kiasi kinachopita ni kidogo mno kuzuia au kutibu chochote; mtoto anahitaji chandarua chake na, akiugua, dozi yake mwenyewe.

Kinachobadilika mama akiugua ni wingi wa maziwa. Homa, kutapika na kuharisha humpunguzia mwili maji, hamu ya kula hupotea, na anaona titi limelegea. Wengi hapo hukata tamaa na kuanzisha maziwa ya kopo, kisha wanashangaa ziwa linakauka. Titi hutengeneza kulingana na linavyonyonywa: mtoto akinyonya kidogo, nalo hupunguza. Mama akinywa maji ya kutosha, au maji ya ORS kama anaharisha, na mtoto akiwekwa kifuani mara nyingi zaidi, kwa kawaida maziwa hurudi baada ya siku chache.

Kwa magonjwa ya njia ya hewa, kinachotakiwa ni kuziba njia ya pumzi na mikono. Mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, avae barakoa anapomnyonyesha, asikohoe kuelekea usoni mwake na asimbusu mdomoni.

TB inaonyesha vizuri kwa nini maswali yale matatu yatenganishwe. TB ya mapafu huenea kwa hewa, na bakteria wake hawapiti kwenye maziwa, labda iwe ugonjwa umeshika titi lenyewe, jambo la nadra. WHO hushauri mama aliye kwenye matibabu aendelee kunyonyesha, na mtoto achunguzwe. Akionekana hana TB hupewa dawa ya kuzuia. Marekani wataalamu huwa wakali zaidi: mama mwenye TB ambayo haijatibiwa hukaa mbali na mtoto mpaka awe ametumia dawa angalau wiki 2 na ithibitike haambukizi tena. Lakini hata katika ukali huo, maziwa aliyoyakamua huruhusiwa kupewa mtoto. Anayeogopwa ni pumzi ya mama. Dawa za TB nazo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo kisichomdhuru mtoto na kisichotosha kumtibu.

Tetekuwanga ina kanuni inayofanana. Mama akitokwa na vipele kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada ya hapo, mtoto mchanga yuko hatarini sana kwa sababu amezaliwa kabla mama hajapata muda wa kumpa kingamwili. Kwa kawaida hutenganishwa kwa siku chache na mtoto hupewa kinga ya sindano, lakini anaweza kunyweshwa maziwa yaliyokamuliwa, mradi hayakugusana na vipele. Malengelenge ya herpesi yakiwa kwenye titi, titi hilo lisinyonywe hadi vidonda vikauke kabisa. La upande wa pili, lisilo na vidonda, linaendelea kunyonywa, na vidonda vilivyo kwingine mwilini vifunikwe. Hapa pasiwe na mzaha: herpesi kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja inaweza kuua.

Ziwa lenyewe likiugua

Uvimbe wa titi, ambao wahudumu huuita mastaitisi, huja ghafla. Sehemu ya titi huwa ngumu, nyekundu na ya moto, inauma kuguswa, na mama anatetemeka kwa homa kama mwenye malaria. Hutokea zaidi katika wiki za mwanzo, na mara nyingi huanza maziwa yanapojaa na kukosa pa kutokea au chuchu ikiwa na mipasuko.

Ushauri anaoupata mama hapo mara nyingi ni kwamba titi hilo lina usaha na mtoto asiliguse. Ushauri huo ndio unaotengeneza majipu. Kuacha kunyonyesha ghafla huyafungia maziwa ndani, uvimbe unazidi, na sehemu iliyovimba inaweza kugeuka jipu. Maziwa ya titi lenye mastaitisi hayamdhuru mtoto aliyezaliwa salama na kwa wakati. Yanaweza kuwa na ladha ya chumvi kidogo kwa kuwa chumvi huongezeka kwenye maziwa ya titi lililovimba, na baadhi ya watoto hukunja uso na kukataa kwa muda. Kukataa huko si dalili ya sumu.

Namna ya kutibu imebadilika miaka ya karibuni, na wengi hawajapata habari. Zamani mama aliambiwa alikande titi kwa maji ya moto, alisugue kwa nguvu na alikamue mpaka likauke. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji unasema tofauti: mtoto anyonye kama kawaida kila anapotaka, mama asikamue kupita anachohitaji mtoto kwa sababu kukamua sana hulichochea titi kujaza zaidi, aweke kitu cha baridi kupunguza uvimbe, anywe dawa ya maumivu kama ibuprofeni au parasetamoli, na asilisugue kwa nguvu maana tishu za ndani huumia. Akiona siku nzima imepita bila nafuu, au hali inazidi, anahitaji antibayotiki, na zile zinazotumika kwa kawaida haziwadhuru watoto wanaonyonya.

Jipu likishatokea hutolewa usaha kwa sindano au kwa kupasuliwa. Hata hapo mtoto anaweza kuendelea na titi hilo ikiwa kidonda kiko mbali na mahali anapoweka mdomo. Kama kiko karibu, titi hilo hukamuliwa kwa siku chache na mtoto ananyonya la pili.

VVU: habari iliyobadilika mara nyingi

Hakuna eneo lenye kuchanganya kama hili, na sababu ni kwamba ushauri wenyewe umebadilika kadiri dawa zilivyobadilika. Wapo waliosikia wa mwaka 1998, wengine wa 2006, na wote bado wanaurudia.

VVU hupita kwenye maziwa. Hilo ni kweli na halijabadilika. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa katika ujauzito, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Ndiyo maana miaka ya nyuma mama wengi waliambiwa wasinyonyeshe kabisa. Lakini pale ambapo maji safi ni ya shida na kopo la maziwa haliwezi kupatikana mwezi baada ya mwezi, watoto waliokingwa dhidi ya VVU walikufa kwa kuharisha na nimonia.

Utafiti uliofanyika Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999 ulileta jambo lililowashangaza wengi: watoto walionyonya maziwa ya mama pekee waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko wale waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine. Maelezo yanayokubalika ni kwamba maji, uji na maziwa mengine huukera utando mwororo wa utumbo wa mtoto mdogo, na virusi hupata pa kupenyea. Hapo ndipo ulipotoka msisitizo kwamba katika miezi 6 ya kwanza mama mwenye VVU achague moja na asichanganye.

Kisha zikaja ARV kwa kila mama. Dawa hizo, zikimezwa kila siku bila kuruka, hushusha virusi kwenye damu hadi kipimo kisivione, na virusi vikipungua kwenye damu hupungua kwenye maziwa. Mama ambaye virusi vyake vimefubazwa hivyo ana uwezekano wa chini ya 1 kati ya 100 wa kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha. Tangu mwaka 2016 WHO hushauri mama mwenye VVU aliye kwenye ARV anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, aendelee angalau hadi mtoto afikishe miezi 12, na anaweza kufika miaka 2 au zaidi kama mama yeyote, mradi anasaidiwa kutumia dawa ipasavyo. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga, kama nevirapini, kuanzia anapozaliwa na hupimwa kwa ratiba. WHO iliongeza kwamba ikitokea mtoto amepewa kitu kingine, hilo peke yake lisiwe sababu ya mama aliye kwenye ARV kuacha kunyonyesha. Marekani, iliyokuwa ikikataza kabisa, imelegeza: tangu mwaka 2023 miongozo yake inataka mama mwenye virusi vilivyofubazwa aelezwe faida na hatari kisha asaidiwe katika uamuzi wake.

Nichukizwe kidogo hapa. Mengi ya mazungumzo haya huishia kwenye ziwa, wakati silaha iko kwenye kidonge. Mama anayeruka dozi kwa kuogopa kuonekana akimeza yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayenyonyesha mwaka mzima huku virusi vyake vimelala. Na aliyeambukizwa akiwa tayari ananyonyesha ndiye mwenye hatari kubwa kupita wote, kwa kuwa virusi vipya huwa vingi mno kwenye damu. Ndiyo sababu kipimo cha VVU hakiishii leba.

Homa ya ini B mara nyingi hutiwa kapu moja na VVU, kimakosa. Kunyonyesha hakuongezi uwezekano wa mtoto kuipata. Kinachomlinda ni chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Homa ya ini C vilevile haizuii kunyonyesha, ila chuchu zikipasuka na kutoa damu, mama husimama kwa muda hadi zipone.

Pale ambapo jibu ni hapana

Orodha ni fupi, lakini ipo. Mama mwenye Ebola au anayeshukiwa kuwa nayo huacha kunyonyesha, kwa sababu virusi hivyo hupatikana kwenye maziwa na mgusano wenyewe ni hatari. Virusi vya HTLV-1, ambavyo vinaweza kusababisha saratani ya damu miaka mingi baadaye, huwafanya mama katika baadhi ya nchi, Japani ikiwemo, washauriwe kuepuka au kufupisha kunyonyesha. Ugonjwa wa brusela, unaotoka kwa mifugo, ambao haujatibiwa husimamisha kunyonyesha kwa muda. Mama anayetibiwa saratani kwa dawa za kemikali kwa kawaida huacha katika kipindi cha tiba. Anayemeza madini ya ayodini yenye mionzi kutibu tezi ya shingo huacha kabisa kumnyonyesha mtoto huyo, tena wiki kadhaa kabla ya tiba, kwani madini hayo hujikusanya kwenye titi.

Picha ya eksirei haina neno. Miale hupita na kwisha; haibaki kwenye maziwa. Hata dawa za rangi zinazodungwa kwa ajili ya CT na MRI hazihitaji kusimamisha kunyonyesha. Na aliyefanyiwa upasuaji kwa dawa ya usingizi anaweza kunyonyesha akishazinduka na kuweza kumshika mtoto.

Dawa

Koroga kijiko kimoja cha chumvi kwenye ndoo ya maji. Chota kikombe cha maji hayo ukimimine kwenye ndoo nyingine iliyojaa, kisha onja. Ndivyo inavyokuwa kwa dawa nyingi. Kidonge husambaa mwili mzima wa mama, sehemu ndogo hufika kwenye maziwa, na kiasi hicho bado kinatakiwa kupita utumboni mwa mtoto kabla ya kuingia kwenye damu yake. Nyingine hazifiki kabisa: insulini, kwa mfano, huvunjwavunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote. Wataalamu hulinganisha kiasi anachopata mtoto na dozi ya mama kwa kila kilo ya uzito. Kikiwa chini ya asilimia 10, dawa kwa kawaida huhesabiwa kuwa inafaa kutumiwa, na nyingi ziko chini sana ya hapo.

Kwa hiyo parasetamoli, ibuprofeni, amoksilini, dawa nyingi za presha, kisukari, pumu, na zile za sonona kama setralini, hutumika mama akiendelea kunyonyesha. Sonona baada ya kujifungua naitaja kwa makusudi. Ni ugonjwa kama mwingine, na mama wengi huikimbia dawa yake kwa ajili ya mtoto, kisha mtoto huyohuyo akakosa mama mwenye nguvu ya kumlea.

Zipo za kuangalia. Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, hugeuka mofini, iliyo kali zaidi, mwilini, na baadhi ya watu huigeuza haraka kupita kiasi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha mama wanaonyonyesha wasiitumie, wala tramadoli. Aspirini ya kutuliza maumivu huepukwa. Primakwini, inayotumika kwenye baadhi ya tiba za malaria, huhitaji kujua kama mtoto ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini hazimdhuru sana mtoto ila hukausha: katika utafiti mmoja, dozi moja ya miligramu 60 ilipunguza maziwa ya siku nzima kwa karibu robo. Umri nao una uzito. Mtoto wa chini ya miezi 2, hasa njiti, ana ini na figo changa, na dawa hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa mtoto wa miezi 8 anayekula chakula kingine.

Kuhusu kukamua na kumwaga, watu hufikiri ni kama kusafisha bomba. Sivyo. Dawa huingia na kutoka kwenye maziwa ikifuata damu: ikipungua kwenye damu, hupungua kwenye maziwa, umwage usimwage. Kukamua kuna kazi nyingine, ya kulinda ziwa lisikauke na lisivimbe pale mtoto anapolazimika kusubiri. Kama dawa humezwa mara moja kwa siku, kuimeza mara baada ya kunyonyesha, kabla ya usingizi mrefu wa mtoto, kwa kawaida husaidia kupunguza kinachomfikia.

Na ile karatasi ndani ya pakiti inayosema usitumie unaponyonyesha? Mara nyingi maana yake ni kwamba mtengenezaji hakuijaribu kwa mama wanaonyonyesha, basi anajilinda kisheria. Mhudumu wa afya anaweza kutazama hifadhidata ya LactMed ya Marekani, iliyo wazi mtandaoni bila malipo, inayoeleza dawa moja moja. Inachukua dakika chache, na ni afadhali kuliko "acha tu kwa usalama". Kuacha nako kuna hatari zake: kuharisha kwa mtoto, jipu kwa mama, na hata mimba, kwa sababu mama aliyekuwa akikingwa na kunyonyesha pekee katika miezi 6 ya kwanza kabla hedhi haijarudi hupoteza kinga hiyo.

Mama asipoweza kuinuka

Anaweza kunyonyesha amelala ubavu, mtu mwingine akimweka mtoto na kumwondoa. Kama amepewa dawa za kumlaza, asiachwe na mtoto kitandani peke yao. Kama hawezi hata hivyo, akamuliwe. Kwa mtoto mchanga ni mara 8 hivi kwa saa 24, usiku ukiwemo. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono na chombo safi hukaa hadi saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji. Mahali penye joto zaidi yatumike mapema. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Na aliyekatisha kwa wiki moja au mbili hajapoteza ziwa: mtoto akirudishwa kifuani mara kwa mara, huku akiendelea kupewa maziwa ya kumtosha, uzalishaji kwa kawaida huanza tena.

Huku mama akitibiwa, mtoto atazamwe. Akikojoa chini ya mara 6 kwa siku baada ya wiki ya kwanza, akilala kupita kawaida na kuwa mgumu kuamka, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, au akiwa chini ya miezi 3 na joto lake likafika nyuzi 38, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na aliyempeleka ataje kila dawa ambayo mama ametumia.